Nafasi Iliyofukiwa Chini ya Jamvi: Kupata Chumba cha Chini katika Nyumba ya Mteremko

Ukipanda kutoka Moshi mjini kuelekea Kibosho, Uru au Old Moshi, tazama misingi ya nyumba kabla hujatazama mapaa. Upande unaoelekea mlimani, msingi umechomoza ardhini kozi mbili tu. Upande unaoelekea mjini, msingi uleule umefika kifuani mwa mtu mzima, na penye mteremko mkali umempita kichwa. Ndani ya ukuta huo mrefu kuna kifusi: mawe, udongo na moramu, vimeletwa kwa malori, vikashindiliwa, juu yake likamwagwa jamvi la zege. Mwenye nyumba amelipia mawe ya ukuta, saruji na usafiri wa kifusi, na kwa gharama zote hizo amepata mahali pa kukanyaga tu. Nafasi ya chumba kizima imefukiwa chini yake.

Nafasi hiyo inaweza kutumika. Inaweza kuwa stoo ya kahawa na mahindi, karakana ya ushonaji, au vyumba vya kulala watoto na wajukuu wanaopanda mlimani kila Desemba na kulala kwenye magodoro sebuleni. Lakini sababu iliyo kubwa kwangu ni ardhi. Kihamba, shamba la nyumbani la ukoo, hugawanywa kila kizazi, na vipande vimekuwa vidogo mno. Kila chumba unachoongeza pembeni ya nyumba kinakula migomba na mibuni iliyopandwa na babu. Chumba cha chini haking'oi mgomba hata mmoja. Naitetea kazi hii kwa moyo wote, na kwa sababu hiyohiyo nitakuwa mkali kuhusu namna ya kuifanya, maana ikifanywa vibaya inaua.

Tuliona Kariakoo. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka katikati ya soko, asubuhi, na watu wasiopungua 29 wakapoteza maisha. Mashuhuda walieleza kwamba kazi ya kupanua nafasi ya biashara chini ya jengo ilikuwa ikiendelea. Nyumba yako ya Kirua Vunjo haina uzito wa jengo la Kariakoo, lakini kanuni ni ileile: anayechimba chini ya nyumba anagusa kile kinachoibeba. Kwa hiyo kabla ya sululu kuinuliwa, jua nyumba yako imebebwa na nini, na maji yanapita wapi. Mengine yote yanafuata baada ya hapo.

Sakafu yako imelala au imening'inia?

Hili ndilo swali la kwanza, na mafundi wengi hulipita haraka. Nyumba nyingi zilizojengwa miaka ya karibuni zina jamvi lililolala juu ya kifusi. Zege lake lina unene wa nchi nne, yaani sentimita 10, na halina nondo, au lina wavu mwembamba tu. Linasimama kwa sababu kifusi kinalishika kila mahali. Mita moja ya mraba ya jamvi kama hilo ina uzito wa kilo 240 hivi. Chumba cha mita tatu kwa nne kina karibu tani tatu za zege lisilo na nondo. Ukichokoa kifusi kutoka chini yake, umeweka tani tatu juu ya kichwa cha kijana mwenye chepe.

Kwa hiyo tuelewane mapema: katika nyumba ya namna hiyo hakuna njia ya kutoa kifusi na kuliacha jamvi la zamani juu. Jamvi huvunjwa kwanza, chumba kimoja kimoja, kifusi kikatolewa kwa juu na kwa mlango utakaofunguliwa upande wa chini, kisha ikamwagwa slabu mpya yenye nondo inayobebwa na kuta na bimu. Maana yake utahama vyumba hivyo kwa muda, na maana yake ni gharama. Fundi akikuambia, "Mama, tutaingia kwa pembeni taratibu, juu hutasikia kitu," mshukuru na umuage kwa heshima.

Nyumba za zamani zenye sakafu ya mbao juu ya msingi mrefu, kama zile utakazozikuta kwenye maeneo ya misheni na kwenye mashamba makubwa ya kahawa, ni habari nyingine. Pale sakafu imening'inia tayari, chini kuna uwazi wenye giza, popo na mchwa. Kazi yake ni nyepesi zaidi: kagua maboriti, badilisha yaliyoliwa, kisha shughulikia ardhi na hewa.

Usisahau kuta za kugawa vyumba. Katika nyumba nyingi ukuta mwembamba wa korido au wa choo umejengwa moja kwa moja juu ya jamvi, bila msingi wake. Gonga, pima, ulizia aliyejenga. Kama ukuta hauna msingi, lazima uwekewe bimu chini yake kabla kifusi hakijaguswa, au ubomolewe.

Mahali pasipofaa

Kabla ya kuendelea, niseme wazi nani aache. Ukiwa tambarare za chini ya mji, Mabogini, Chekereni na kuelekea Kahe, acha. Huko maji yako karibu na uso wa ardhi, ndiyo maana mpunga unalimwa, na udongo mweusi wa mfinyanzi huvimba masika na kupasuka kiangazi. Ukuta wowote utakaouzamisha humo utasukumwa na kuvutwa mwaka hadi mwaka. Ukiwa jirani na Njoro au Rau, kumbuka kwamba misitu ile imesimama kwa sababu ya maji ya ardhini, na chemchemi haziheshimu mipaka ya kiwanja. Na ukiwa kwenye ukingo wa korongo, kama kwenye migongo mikali ya Mbokomu na Old Moshi, usikate mteremko bila mhandisi kuupima mlima wenyewe. Desemba 3, 2023, matope yaliyoshuka kutoka Mlima Hanang yaliua zaidi ya watu 80 Katesh na vijiji vya jirani. Mlima ulioloa hauhitaji kuchokozwa.

Panapofaa ni mteremko wa kawaida wa ukanda wa kahawa na migomba, ambako ardhi inashuka mita moja na nusu hadi mbili na nusu kutoka ukuta wa juu wa nyumba hadi ukuta wa chini. Hapo ardhi imekufanyia nusu ya kazi: chumba kitakuwa na upande mmoja ulio wazi kabisa, wenye mlango na madirisha, na maji yatatoka yenyewe kwa kuteremka. Mtu wa tambarare anayetaka chumba cha chini hununua pampu na kuomba umeme usikatike. Wewe huihitaji.

Maji kwanza

Kusini mwa Kilimanjaro mvua huongezeka kadiri unavyopanda. Mji wa Moshi hupata chini ya milimita 1,000 kwa mwaka katika miaka mingi, lakini vijiji vya juu karibu na msitu hupata karibu maradufu ya hapo au zaidi, na sehemu kubwa huangukia kati ya Machi na Mei. Rombo ni pakavu zaidi, mito mingi ya huko haina maji kwa sehemu kubwa ya mwaka, lakini mvua ikinyesha haiulizi.

Ushauri wangu ni huu: usianze kazi yoyote kabla hujaiangalia nyumba yako masika moja nzima. Toka nje mvua ikiwa inanyesha, na mwavuli, ukaone maji ya paa yanaangukia wapi, maji ya njia ya jirani wa juu yanaingia wapi, na ukuta wa msingi unatoa jasho mahali gani. Chimba shimo la kina cha mita mbili upande wa juu, hatua chache kutoka ukutani, lifunike vizuri watoto na ng'ombe wasitumbukie, na uangalie maji yanasimama kimo gani humo mwezi wa nne. Shimo hilo litakuambia ukweli kuliko maneno ya mtu yeyote.

Kisha angalia tena Januari au Agosti. Kama msingi ni mbichi wakati mvua haijanyesha kwa wiki kadhaa, chanzo si mvua. Ama ni bomba linalovuja, ama ni karo la jirani wa juu, ama ni mfongo. Mifongo yetu imekuwa ikipitisha maji ya mito kwenye vihamba tangu kabla ya wakoloni, na mfereji wa udongo huvuja kidogo kila unapopita. Mfongo unaopita juu ya nyumba yako unaweza kulowesha ukuta wako kila zamu ya kumwagilia inapofika. Usiuzibe wala usiuhamishe usiku. Nenda kwa wazee wa mfongo, waeleze, "Wazee wangu, naomba tuujengee kipande hiki kwa mawe na saruji, gharama ni yangu." Mita 20 za mfongo uliojengewa zinaweza kukuokolea gharama kubwa ya kuzuia unyevu, na majirani watafurahi kwa sababu maji mengi zaidi yatawafikia.

Baada ya mfongo, paa. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 50, ni lita 5,000 zinazomwagika mguuni mwa msingi kwa siku moja. Funga gata pande zote, maji yaingie kwenye tangi, na tangi likijaa maji ya ziada yapelekwe kwa bomba hadi chini ya nyumba, siyo pembeni yake. Ng'ombe wa ndani atakunywa hayo maji hadi kiangazi. Halafu inamisha ardhi inayozunguka nyumba ili maji yakimbie ukuta, na upande wa juu chimba mtaro wa wazi wa kukinga maji ya mteremko na kuyazungusha kushoto na kulia.

Nimeona nyumba ambazo tatizo lote la unyevu liliisha hapo, kwa gata na mtaro, bila dawa yoyote. Ndiyo maana naanza na kazi hizi za bei nafuu. Hata ukiishia hapo na kuacha mpango wa chumba, nyumba yako imepona.

Maji yanayobaki ni yale yanayotembea ndani ya udongo, na hayo huzuiwa nyuma ya ukuta, upande wa udongo. Chimba mtaro mwembamba, kina chake kilingane na chini ya sakafu mpya lakini kamwe kisipite chini ya msingi uliopo. Laza bomba la plastiki lenye matundu kwa mteremko wa sentimita moja kwa kila mita, ulifunike kwa kokoto safi, kokoto zizungushiwe kitambaa cha kuchujia matope kinachouzwa kwa kazi hiyo. Usitumie magunia ya katani badala yake: huoza, na baada ya misimu michache bomba hujaa udongo. Bomba litokee hadharani upande wa chini wa kiwanja, mdomo wake uwe na wavu wa kuzuia panya, na uwe mahali unapoweza kuuona. Masika mdomo huo unapaswa kutiririka. Usipotiririka huku ukuta umeloa, bomba limeziba.

Mafundi wengi watakupa njia fupi: "Mzee, tunapiga plasta ya dawa kwa ndani, maji hayapiti." Yatapita. Maji yaliyosimama nyuma ya ukuta wa mita mbili husukuma kwa nguvu ya takriban tani mbili kwa kila mita ya urefu wa ukuta. Plasta ya ndani haina kinachoishikilia isipokuwa mng'ang'anio wake wenyewe. Itashika mwaka mmoja au miwili, kisha rangi itatoa malengelenge, chumvi nyeupe itachomoza, na plasta itadondoka vipande. Dawa na lami hupakwa upande wa nje, upande wa udongo, kabla ya kurudishia kokoto. Pale ambapo huwezi kufika nje, mhandisi ana njia nyingine, kama kujenga ukuta wa pili kwa ndani na kuacha mwanya wa kupitishia maji hadi kwenye mfereji.

Chukua nusu ya chini, iache nusu ya juu

Hapa ndipo watu huharibu kwa tamaa. Wanataka chumba kienee chini ya nyumba nzima. Tuchukue mfano. Nyumba ina upana wa mita nane kutoka ukuta wa juu hadi wa chini, na ardhi inashuka mita mbili katika upana huo. Msingi wa juu umechomoza sentimita 40, kwa hiyo wa chini umeinuka mita 2.4. Ukimwaga slabu ya sentimita 15, kwenye ukuta wa chini utakuwa na kimo cha mita 2.25 bila kuchimba chochote zaidi ya kifusi. Huo ni urefu wa mtu mrefu akinyoosha mkono kidogo.

Sasa ukitaka sakafu hiyo iingie ndani mita nne, hadi ukuta wa katikati, utakata mteremko wa asili kwa mita moja tu mwishoni. Lakini ukitaka ifike hadi ukuta wa juu, utakata mita mbili, na kitako cha msingi wa juu, ambacho huenda kiko sentimita 70 tu chini ya ardhi, kitabaki kimening'inia zaidi ya mita moja juu ya sakafu yako. Umeukata mguu wa nyumba. Kwa hiyo kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, chukua nusu ya chini. Nusu ya juu ibaki na kifusi chake na jamvi lake, kimya.

Kanuni ninayoiamini ni kwamba ukishuka mita moja chini ya kitako cha msingi, ukae mbali nacho mita moja au zaidi kwa ulalo, na kwenye udongo uliolegea mita moja na nusu. Hata ukuta wa katikati una kitako chake. Katika mfano wetu kitako hicho kitakuwa sentimita 30 hivi juu ya sakafu mpya, basi usichimbe hadi mguuni pake: acha udongo wa asili mbele yake, uufunike kwa zege lenye nondo, na utapata benchi zuri la kukalia au la kupangia magunia.

Ukuta huo wa katikati sasa una kazi mpya. Zamani kifusi kiliushika pande mbili. Ukitoa upande mmoja, upande wa pili unausukuma peke yake. Nguvu ya udongo huongezeka kwa mraba wa kimo: ukuta wenye kimo maradufu husukumwa mara nne. Ukuta wa tofali za nchi sita haufai kwa kazi hii, hata ukiwa umesimama miaka kumi. Unahitaji nguzo za nondo zilizofungwa chini kwenye zege na juu kwenye slabu mpya, au ukuta wa zege uliomwagwa mbele yake. Na ufungwe kabla kifusi hakijatolewa chote. Toa kipande, imarisha kipande, subiri zege lishike, kisha nenda cha pili. Vipande visizidi mita moja hivi kwa urefu na visifuatane: fanya cha kwanza, cha tatu na cha tano, ndipo urudi cha pili na cha nne. Kazi hii haina mbio, na fundi anayelipwa kwa siku badala ya kwa kazi nzima ataifanya kwa utulivu zaidi.

Vipimo vya nondo na bimu sivitoi hapa, kwa makusudi. Vinategemea upana wa chumba, uzito wa kuta za juu na udongo wako. Tafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, aje mwenyewe kiwanjani, achore na kusaini. Michoro hiyo ndiyo utakayopeleka kuomba kibali, Manispaa ya Moshi au halmashauri ya wilaya yako. Najua kijijini wengi hujenga bila kupita huko. Kwa chumba cha pembeni labda utasalimika, lakini kwa kazi ya chini ya nyumba saini ya mhandisi ni kinga ya watu wanaolala juu.

Slabu ikishamwagwa, mirunda inayoishikilia isiguswe. Zege hufikia nguvu yake iliyokusudiwa baada ya siku 28, na kwenye baridi ya Juni na Julai huko juu hukomaa polepole zaidi kuliko mjini. Limwagilie maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima ya kwanza angalau. Mirunda ya katikati ndiyo ya mwisho kutoka. Panga kazi yote ianguke kati ya Juni na Septemba au Januari na Februari. Anayefungua mteremko mwezi wa tatu anacheza na roho za mafundi.

Kwa anayejenga sasa hivi, ambaye bado hajaleta kifusi, habari ni njema mno. Mwambie mhandisi achore ukuta wa juu wa kushika udongo na slabu yenye nondo tangu mwanzo, na upake lami nje kabla ya kurudishia. Utaongeza gharama ya nondo, utapunguza ya kifusi, na utapata chumba kirefu na kikavu kuliko chochote kinachoweza kupatikana baadaye kwa kuvunja.

Hewa, na moto wa mkaa

Wazee wetu waliijua ardhi hii kwa ndani. Katika Marangu na vijiji vya jirani bado yapo mahandaki yaliyochimbwa wakati wa vita vya karne ya 19, ambamo familia zilijificha pamoja na mifugo. Yalidumu kwa sababu yalikuwa njia nyembamba, na hayakubeba nyumba juu yake. Na wachimbaji waliyaachia matundu ya hewa. Ukipata nafasi, nenda ukaingie humo na usikie tofauti kati ya mahali tundu lilipo na mahali lisipokuwepo.

Chumba chako kina upande mmoja tu wa wazi, kwa hiyo hewa haitapita yenyewe. Weka madirisha makubwa upande wa chini, kisha toa mabomba mawili ya hewa kutoka ukuta wa nyuma, karibu na dari, yapande hadi nje juu ya ardhi, yafunikwe mvua na kuwekewa wavu. Bila hayo, hewa yenye unyevu itagusa ukuta wa baridi na kugeuka matone, nawe utalaumu mtaro usio na kosa. Kuna njia ya kutofautisha. Bandika kipande cha nailoni cha nusu mita ukutani, ukizibe pande zote kwa utepe wa gundi, ukiache siku mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani. Yakiwa mbele, yanatoka kwenye hewa ya chumba, na dawa yake ni madirisha.

Jiko la mkaa lisiingie humo. Usiku wa Julai baridi ya Machame au Mwika huuma, na mtu hushawishika kuingiza jiko lenye makaa yaliyokwisha kushika vizuri, yasiyotoa moshi. Makaa hayo ndiyo hutoa gesi isiyo na harufu inayoua mtu usingizini, na chumba cha chini huishika gesi hiyo kuliko chumba cha juu. Jenereta vivyo hivyo. Kama watu watalala humo, pawe na mlango na dirisha lingine ambalo mtu mzima anaweza kupenya bila kuvunja nondo. Umeme wake upitie kikata umeme kinachozima chenyewe mtu akinaswa, na soketi ziwe juu, kiunoni.

Choo weka tu kama sakafu ya chumba iko juu ya kimo cha karo lako. Isipokuwa hivyo, siku karo litakapojaa, maji machafu yatarudi mahali pa chini kuliko pote, ambapo ni chumbani kwako.

Stoo ina masharti yake. Kahawa ya maganda iliyokaushwa vizuri hubaki na unyevu wa asilimia 11 au 12, na ikikaa chumba kibichi huunyonya unyevu upya, ikapauka na kupoteza daraja siku ya kuonjwa. Mahindi ni hatari zaidi, kwa sababu kuvu inayoota humo huleta sumukuvu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Magunia yawe juu ya mbao, sentimita 15 kutoka sakafuni, na mkono upite kati yake na ukuta. Ndizi za kuivisha zipe chumba kingine, maana hutoa unyevu mwingi. Viazi, vyombo vya shughuli, viti vya msiba na harusi, mbao na zana, hivyo havina neno.

Masika ya kwanza baada ya kazi

Usipake rangi, usiweke vigae, usimpangishie mtu hadi masika moja ipite. Acha plasta ikiwa tupu. Kila ufa utakaouona, ndani na kwenye kuta za juu, uwekee alama ya penseli kwenye ncha zake mbili na uandike tarehe. Nyufa nyembamba kama unywele hutokea, ni zege na plasta vinakauka. Ufa unaorefuka kupita alama zako mwezi hadi mwezi, au unaoingiza sarafu, au unaopanda kwa ngazi kufuata viungo vya tofali, au mlango wa juu ulioanza kukwama ghafla, hayo yote ni ya kumpigia mhandisi siku hiyohiyo, na watu walale nyumba nyingine hadi afike. Angalia pia tumbo la ukuta wa nyuma: simamisha timazi mahali palepale kila mwisho wa mwezi na uandike umbali katikati ya ukuta. Ukiona umbali haubadiliki Machi, Aprili na Mei, na mdomo wa bomba kule chini unatiririka maji safi yasiyo na matope, nunua rangi ya chokaa, inayoruhusu ukuta kupumua, uanze kupaka mwezi wa Juni.